Kadi Yangu, Damu ya Mdogo Wangu

Wiki ya 1, Jumatatu

Presha 138/86. Kilo 84.

Daktari wa moyo kasema niandike namba hizi kila asubuhi, na mke wangu kaninunulia daftari. Namba zenyewe ni mstari mmoja tu. Mimi ni mwalimu. Ukurasa wenye mstari mmoja na weupe mtupu unanikera. Basi nitajaza.

Shule imefunguliwa leo. Nyumba yetu iko ng'ambo ya uwanja, kengele naisikia nikiwa kitandani. Wameigonga dakika nne baada ya muda. Nilipokuwa mwalimu wa nidhamu haikuchelewa hata siku moja, na wagongaji wanajua kwa nini.

Wiki saba zilizopita nilianguka mstarini mbele ya wanafunzi mia sita. Nilikuwa nawasema wachelewaji. Neno la mwisho lililonitoka kabla sijaenda chini ni "uvivu". Mshipa mmoja wa moyo uliziba kwa mafuta, wakauzibua hospitalini, lakini kipande cha moyo kilikuwa kimeshaumia. Mashine ya picha inasema kila moyo wangu unapopiga unasukuma asilimia thelathini na nane ya damu iliyomo. Wa mtu mwenye afya hufika hamsini na tano kwenda juu. Thelathini na nane! Miaka ishirini na sita nimefundisha hesabu, na alama kama hiyo nilikuwa naiandikia pembeni kwa wino mwekundu: Hovyo. Mlete mzazi.

Jumanne

135/84. Kilo 84. Nimetembea hadi getini na kurudi. Mbwa wa jirani kanipita mara tatu.

Alhamisi

136/85. Kilo 84.

Kila baada ya chakula cha jioni mke wangu ananiletea vidonge vitano kwenye kisahani. Anasimama hapo hapo mpaka nimeze. Vinne nameza. Cha tano, kile cha kushusha mafuta ya damu, nakibana chini ya ulimi, nakunywa maji, nasema ahsante mama, kisha naenda kukitema kwenye boksi la chaki lililo nyuma ya vitabu vyangu. Nimefanya hivyo tangu nitoke hospitalini.

Mwalimu wa jiografia alikuja kuniona akaniambia mjomba wake alimeza hivyo hivyo vidonge, miguu ikalegea. Mimi husimamia mitihani, na msimamizi anasimama kutwa. Miguu ndiyo kazi yangu. Isitoshe nina akili zangu timamu, sihitaji kusimamiwa kama mtoto wa chekechea.

Kwa nini sivitupi? Sijui. Sijazoea kutupa kitu.

Wiki ya 2, Jumamosi

134/84. Kilo 84.

Mdogo wangu kaja kunitazama. Ni fundi rangi, mrefu, mwembamba, na popote aendapo kabeba ngazi begani, hivyo mtaa mzima unamwita Ngazi. Ana miaka arobaini na mmoja, mimi hamsini na mbili, na tangu baba yetu afariki mimi ndiye baba yake. Nilimsomesha hadi alipogoma kusoma.

"Kaka, unapendeza," kasema. "Umepauka vizuri. Nikikupaka rangi mkono mmoja tu unauzika."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Hawa wawili wakikutana mimi huwa kichekesho cha nyumba.

Ngazi kapata kazi kubwa, jengo la ghorofa tatu karibu na soko, nje na ndani. Anataka amalize nje kabla ya mvua. Kala kwa wawili, kama kawaida yake, na wala hanenepi. Sisi wengine tukinusa tu chungu mkanda unabana.

Wiki ya 3, Jumatano

Mkuu wa shule kanipigia. Mitihani ya mwisho ni wiki ya kumi na mbili, na nafasi ya msimamizi mkuu ni yangu, kama miaka yote, mradi nimpelekee barua ya daktari kufikia wiki ya sita. "La sivyo, Mwalimu, tutakutafutia kitu chepesi. Maktaba, kwa mfano."

Maktaba! Kufuta vumbi na kumwambia mtu shhh!

Wiki ya 3, Ijumaa

Kliniki. Daktari ni mama mmoja mdogo kwa umri, mpole wa sauti, lakini macho yake hayapepesi. Nikamwomba barua.

"Nitakuandikia Mwalimu, nikiona vitu viwili. Asilimia ya moyo ipande kidogo, na lehemu mbaya, yaani yale mafuta yanayoganda mishipani, ishuke chini ya 1.8. Ulipolazwa ilikuwa 4.1. Wala usihofu. Ukimeza vidonge vyako itashuka yenyewe."

"Anameza," kasema mke wangu. "Nasimama naye."

Nimetazama ukuta. Kulikuwa na picha ya moyo uliopasuliwa katikati, mishipa myekundu na ya buluu.

Wiki ya 4, Jumatatu

Nimeanza kumeza cha tano.

Jumanne

Nimemeza. Miguu inauma.

Jumatano

Nimeacha.

Wiki ya 5, Jumapili

133/82. Kilo 85. Kilo imepanda. Nyuma ya karakana ya seremala kuna kibanda wanakaanga nyama ya mafuta. Mke wangu akienda kwenye cherehani yake, mimi naenda "kufanya mazoezi ya kutembea". Naenda nikitembea, hilo si uongo.

Alhamisi natakiwa maabara kutolewa damu, bila kula kuanzia usiku. Nimepiga hesabu kila namna na jibu ni lile lile. Wiki kumi na moja kidonge cha tano hakijapita koo langu, ukiondoa viwili. Hiyo damu itasema. Nitamtazama daktari usoni? Nitamtazama vipi mke wangu, aliyesimama na kisahani kila jioni kama askari wa zamu?

Ngazi kaja leo kuazima brashi za zamani. Nimemtazama akipanda kutoa kitu darini: pafu la farasi, tumbo hana, hata jasho halimtoki. Huyu damu yake lazima iwe kama maji ya chemchemi.

Jumatatu

Nimemwambia.

Nimemkuta chini ya lile jengo la ghorofa tatu akichanganya rangi. Nikamweleza polepole, kama ninayeeleza swali la sehemu. Maabara wanaita namba, hawaiti mtu. Unaingia na kadi, unakaa, unanyoosha mkono. Tunafanana paji la uso na pua. Dakika tano tu.

Kaacha kukoroga.

"Kaka. Si wewe uliyemfukuza yule kijana? Yule aliyemfanyia mwenzake mtihani?"

Ni miaka nane sasa. Kijana wa kidato cha pili aliingia chumba cha mtihani na kitambulisho cha kaka yake. Mimi ndiye niliyemshika. Nilimsimamisha mstarini, nikamsomea makosa yake, nikamtoa getini mwenyewe.

"Huu si mtihani," nimemwambia. "Ni damu tu."

"Basi yako ina nini?"

Nikatoa kadi mfukoni, nikamnyooshea. Kaitazama, kisha kacheka, kwa sababu hajawahi kunikatalia kitu maishani mwake. "Haya. Nitakupasia kwa alama mia. Lakini niamke bila kula? Kaka, hiyo ndiyo dhambi yako kubwa."

Alhamisi

Ngazi kaenda na kadi yangu. Mke wangu kaniuliza nimerudi mapema hivyo? Nimesema foleni ilikuwa fupi. Mkononi nilijibandika plasta mwenyewe.

Sijaandika presha. Sitaki kuiona.

Wiki ya 6, Jumatatu

Mvua ya kwanza. Imenyesha robo saa ikakatika.

Ijumaa

Nitaandika yote.

Kliniki na mke wangu. Kwanza kipimo cha picha: asilimia arobaini na moja. Imepanda tatu. Mke wangu kanifinya mkono kwa furaha. Kisha daktari kafungua karatasi ya damu na kukaa kimya muda mrefu. Ninakijua kimya kile. Ndicho changu mimi, nikishika karatasi ya mwanafunzi niliyemtegemea.

"Mwalimu. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Anameza," kasema mke wangu.

"Lehemu mbaya ni 6.4."

Nilidhani sijasikia vizuri. Kageuza karatasi nikaona mwenyewe: jina langu juu, 6.4 chini, na alama nyekundu pembeni.

Daktari kaniambia namba kama ile, kwa mtu anayemeza dawa, si ya chakula wala uvivu. Ni ya kurithi. Mtu huzaliwa nayo, mafuta yanajijenga mishipani tangu utotoni, na anaweza kuwa mwembamba, mwenye nguvu, asihisi chochote, hadi siku mshipa unapoziba. Kaniambia nivue soksi. Kanibana kano la nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, kulia, kisha kushoto.

"Ajabu. Mara nyingi huwa na vinundu hapa. Vigumu, kama punje zimefichwa chini ya ngozi. Wewe huna."

Mimi sina. Lakini ninamjua aliye navyo.

Tulipokuwa watoto tulimtania kwamba alimeza gololi zikashukia visiginoni. Nimeviona visigino vile miaka yote, kwa sababu yeye ndiye anayepanda na mimi ndiye ninayeshika ngazi. Vinundu vikubwa, viwili kwa viwili, vimetapakaa rangi.

"Baba yako alifariki na nini?" kauliza daktari.

"Alianguka akifunga kamba za viatu," nikasema. "Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Watu walisema mengi."

"Alikuwa mnene?"

"Hapana. Alikuwa mrefu, mwembamba."

Kaandika. Kasema barua hapana, kazini siwezi kurudi na namba hii. Kaongeza nguvu ya kidonge. Kisha kasema neno ambalo tangu nitoke pale linanizunguka kichwani: "Una ndugu wa kuzaliwa naye? Mlete. Asichelewe."

Pale pale ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watatu tu, na mdomo wangu mimi, uliosema mbele ya wanafunzi mia sita kwa miaka yote ile, ulishindwa kufunguka. Kwa sababu mke wangu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na analia, analilia namba isiyo yangu. Ningemwambiaje?

Nyumbani nimemeza vidonge vitano. Vyote vitano. Kuanzia leo nameza.

Wiki ya 7, Jumapili

Mvua kutwa. Ngazi hawezi kupaka nje, kaja. Nimemvuta ukumbini mke wangu akiwa jikoni.

Nimemwambia kila kitu alichosema daktari. Kasikiliza, mikono mfukoni. Kisha kacheka.

"Mimi? Kaka, mimi napanda futi thelathini na ndoo mkononi. Wewe unapanda kitanda unahema."

"Visigino vyako..."

"Visigino vyangu ni vya ngazi! Kila fundi anavyo. Maabara wamechanganya vichupa, basi."

"Hawakuchanganya. Baba..."

Hapo akabadilika. Sijawahi kumwona akinikazia macho vile.

"Unajua nini, Kaka? Umefeli mtihani wako, sasa unaniambia nilikupa majibu mabaya. Ugonjwa ni wako. Tangu utotoni ukivunja kikombe unasema mdogo wangu. Huu usinibebeshe."

"Njoo kwa daktari akwambie mwenyewe."

"Nikamwambie nini? Kwamba niliingia kwa kadi yako? Utaenda wewe kusema hivyo, Mwalimu wa Nidhamu?"

Nikafunga mlango wa jikoni, mke wangu asisikie. Katikisa kichwa, kabeba ngazi yake mvuani. Hakumuaga hata shemeji yake.

Ana haki. Kikombe nilivunja mimi.

Jumanne

130/80. Kilo 83. Mvua.

Jumatano

Mvua. Ahsante mvua. Ikinyesha hapandi.

Ijumaa

Jua. Nimetembea hadi sokoni. Yuko ghorofa ya tatu, mgongo kwangu, anapaka huku anapiga mluzi. Nimesimama upande wa pili wa barabara muda mrefu hadi muuza magazeti akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Wiki ya 8, Jumatatu

Jua.

Jumanne

Jua. Nimemtumia ujumbe: Nenda ukapime. Kajibu: Kwa kadi yako au yangu?

Alhamisi

Nimejaribu hila. Nimempigia daktari kumuuliza kama anaweza kumpigia mdogo wangu tu, amtishe kidogo. Kasema, "Mwalimu, simwiti mtu mzima hospitalini kwa sababu namba ya kaka yake ni kubwa. Namshauri, akikataa amekataa. Labda kuna kitu kingine cha kuniambia?"

Nikasema hakuna. Nikakata simu nikaketi.

Mkuki kwa nguruwe. Nimeurusha miaka ishirini na sita, leo nimeukalia mwenyewe. Yule kijana wa kidato cha pili sikumuuliza hata mara moja kwa nini alimfanyia kaka yake. Nilimuuliza "Huoni haya?" tu, kwa sauti kubwa, na hakujibu, na mimi nikaona kimya chake ni kiburi.

Wiki ya 9, Jumapili

Ngazi hajaja Jumapili mbili.

Jumatano

Mke wangu karudi kutoka sokoni jioni, anatua kikapu, anavua viatu, anasema kama anayesema habari za hali ya hewa: "Nimemwona shemeji. Amechoka huyo. Anasema akifika ngazi ya juu kifua kinambana, mpaka mkono unakufa ganzi. Eti harufu ya rangi. Nimemwambia apake huku anapumzika."

Kikombe cha chai kiliniponyoka.

"Na kesho?" nimeuliza. "Kesho anapanda?"

"Kesho anamalizia juu kabisa, kabla mvua haijarudi. Kwani vipi? Mbona umekuwa hivyo? Umemeza dawa?"

Nimemwambia kesho asubuhi naenda kwa daktari. Kasema siku ya kliniki bado. Nikasema naenda. Kasema basi tunaenda wote. Nilitaka kumkataza, nikashindwa hata hilo.

Alhamisi

Mapema tulipita sokoni kwanza. Ngazi alikuwa anafunga kamba. Nimemwambia usipande, nakuomba, nakupigia magoti. Mbele za watu. Nikapiga magoti kweli, kwenye tope, na mke wangu akashika mdomo.

"Kaka, inuka. Inuka bwana, watu wanatazama."

"Nipe saa mbili tu. Usipande saa mbili. Halafu fanya utakavyo."

Kanitazama suruali iliyolowa. "Saa mbili," kasema. Kaketi juu ya debe la rangi.

Daktari alitupokea kati ya wagonjwa wawili. Hakuwa na muda, nami nilikuwa na maneno ya kuzunguka, nimeyaandaa njia nzima. Yote yakayeyuka. Nikasema: "Ile damu si yangu. Nilimtuma mdogo wangu na kadi yangu. Mimi vidonge vya mafuta sikumeza. Vipo kwenye boksi la chaki. 6.4 ni ya mdogo wangu, visigino vyake vina vinundu, na jana kifua kilimbana juu ya ngazi."

Uso ulinishuka hadi magotini. Sikumtazama mke wangu, lakini nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Vyote?" kauliza. Si kwa daktari, kwangu mimi.

"Vyote. Hadi wiki ya sita."

"Mimi nilikuwa nimesimama hapo." Kasema hivyo tu. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Daktari hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kanyoosha mkono, "Namba ya simu ya mdogo wako," na alipoipata kampigia kwa sauti ile ile ya upole: "Mimi ni daktari wa kaka yako. Kaka yako amenieleza yote. Ndiyo, yote, na kadi. Ninayo damu yako mezani kwangu. Usibebe kitu, usipande kitu, mwambie mtu akulete sasa hivi."

Kaja na nguo za kazi, vidole vyeupe kwa rangi. Hakuniangalia. Walimlaza kitandani wakambandika waya za kupimia moyo, daktari akamvua soksi, akambana kisigino, akaniita nije nitazame, sijui kwa nini. Labda alitaka nishuhudie. Kisha akasema halali nyumbani leo.

Nilipokuwa nimeketi nje, binti wa maabara alikuja na trei ya vichupa kumchukua Ngazi damu nyingine. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo Mwalimu."

Nilimfundisha. Safu ya pili, karibu na dirisha, mzuri wa aljebra. Sikujua kama anafanya kazi pale.

"Marahaba."

Alikawia, trei mikononi. "Mwalimu, nilijua," akasema chinichini. "Siku ile niliona kadi ina jina lako, na uso si wako. Nikamuuliza. Akanitania, akasema, 'Ni mimi mwalimu wako, nimekonda kwa mawazo.' Nikacheka. Nikaandika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemsemaje Mwalimu?"

Alikuwa anauliza kweli, hakunisuta. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Mkubwa hasemwi. Nilimfundisha yeye na darasa zima, na nilipotaka kuzama mimi na ndugu yangu, mtoto aliyeona alinyamaza kwa adabu.

Nimesema, "Umekosea, mwanangu. Na kosa ni langu." Akafuta macho kwa bega, mikono ikiwa imejaa, akaingia.

Wiki ya 10, Jumamosi

Mishipa mitatu ya Ngazi ilikuwa imebana, mmoja umebaki uzi tu. Wamempanua na kumwekea kibomba kidogo cha waya. Daktari kasema kwa ule mmoja, angepanda tena wiki hiyo, hasemi zaidi.

Yuko hai. Yuko hai na analalamikia uji wa hospitali.

Jumapili

Mke wangu hajasema nami neno tangu Alhamisi ile, ila "sogea" na "chakula". Leo kanikuta nimekaa sebuleni, kaweka boksi la chaki mezani mbele yangu.

"Nimevihesabu. Themanini na viwili."

"Nisamehe."

"Ulipokuwa umelala hospitalini na mipira puani niliapa nitakusimamia kila kidonge. Nikajiona mke hodari. Kumbe kila jioni unanicheka."

"Sikucheka. Hata siku moja sikucheka."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa naogopa. Nimemwambia hivyo. Naogopa miguu, naogopa maktaba, naogopa kuwa mtu anayesimamiwa. Nilisema kwa sauti, na sebule haikuanguka. Alilia, kisha akasema mficha maradhi ni mjinga, lakini mficha vidonge ana wazimu. Halafu akanitengea chai. Haikuwa na sukari, sijui kwa makusudi au kwa afya.

Wiki ya 11, Jumanne

Maabara, damu yangu mwenyewe. Binti alishika kadi, akanitazama usoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Jina lako kamili?"

Nikataja.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Nikataja. Watu kwenye benchi walikuwa wanatazama. Ndipo akafunga mkanda.

Ijumaa

Lehemu mbaya 2.3. Bado sijafaulu. Moyo arobaini na nne. Ni zangu.

Daktari kasema tukienda hivi, muhula ujao ataandika barua. Nimemwambia asiharakishe. Nilishakwenda kwa mkuu wa shule jana, nikamweleza kwa nini sitasimamia. Kasema, "Aa Mwalimu, hayo mambo ya damu hayaihusu shule." Nikasema yanaihusu. Nimemwomba pia jalada la yule kijana wa miaka nane iliyopita, nipate anwani. Jalada lipo. Anwani imeandikwa kwa mkono wangu: amehama.

Nitaanzia hapo.

Wiki ya 12, Jumatatu

126/78. Kilo 81.

Mitihani imeanza. Kengele imegongwa kwa wakati, bila mimi.

Ngazi yuko kwetu hadi apate nguvu, kitanda chake tumekiweka ukumbini. Ngazi yenyewe imelazwa chini uani, mke wangu anaanikia nguo. Leo wamekuja mafundi wenzake kumtazama wakamuuliza ilikuwaje, na nikakaza roho nisikie atakavyonisema.

"Kaka yangu alinitoa damu," kasema, "kisha akapiga magoti kwenye tope. Hilo la pili hamtaliona tena, mlikosa."

Jioni mke wangu kaleta visahani viwili. Vitano vyangu, sita vya Ngazi. Tumekaa tumetazamana kama wanafunzi waliokosana. Amemeza vyake kwanza. Mimi nikameza, nikanywa maji, nikasema ahsante.

Mke wangu akageuka kwenda jikoni. Ngazi akainua kidole.

"Shemeji, ngoja. Huyu bado." Akaniinamia, uso wake karibu na wangu, haucheki wala haujanuna. "Kaka. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Inua ulimi."

Mwalimu wa nidhamu wa miaka ishirini na sita, nikainua ulimi, nikautoa kulia, nikautoa kushoto, machozi yakinilengalenga. Alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hamna kitu," akamwambia shemeji yake. Kisha akafungua na yeye mdomo wake, akanisubiri nimkague.